Ya Basi Juu ya Nani? Nauli ya mzigo na adabu ya mrejesho kati ya Kariakoo, Iringa na Mbeya

"Gauni 25,000, mikoani tunatuma." Matangazo ya namna hii yamejaa kwenye kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp ya wauzaji wa Kariakoo. Ukisoma moja ukiwa Iringa au Mbeya, linakuachia maswali mawili hata kabla hujajiuliza kama gauni litakutosha. Hiyo Sh 25,000 inaishia wapi? Na mzigo ukija sivyo, utasemea wapi ukasikika?

Ugomvi unaozaliwa hapo tumeshauzoea. Mnunuzi anaona kaibiwa kwa sababu ameongezewa "ya boda" na "ya basi" baada ya kulipa. Muuzaji naye anaona kachafuliwa jina kwa kosa la basi lililoharibikia Mikumi. Watu huyagombania kama mambo mawili tofauti, nauli upande huu na lugha ya kwenye komenti upande ule. Hapa yanachambuliwa pamoja, kwa kuwa shina lake ni moja: haijulikani kazi ya muuzaji inaishia wapi na ya basi inaanzia wapi.

Biashara iliyopanda basi

Nchi zilizotangulia kuuziana mtandaoni zilikuwa na posta inayofika mlangoni. Mtandao wa minada wa eBay ulipoanzishwa Marekani mwaka 1995, ulikuta vifurushi tayari vinagawiwa nyumba kwa nyumba, kwa viwango vilivyochapishwa na kubandikwa ukutani. Kwetu barua hufika kwenye sanduku la posta, na kwa wengi sanduku lenyewe ni la ofisi, la shule au la parokia. Siku hizi kuna postikodi, za Iringa zinaanza na 51 na za Mbeya na 53. Kifurushi cha Kariakoo hata hivyo hakiandikwi postikodi. Kinaandikwa jina, namba ya simu na neno MBEYA kwa maka peni juu ya solotepu.

Kulikuwa na jaribio la kuwa na mtu wa kati. Jumia ilikuwa na wauzaji waliosajiliwa, wasafirishaji wake na sehemu ya maoni ya wateja, lakini ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kilichobaki ni vitu vitatu ambavyo hakuna hata kimoja kilichobuniwa kuwa duka: mitandao ya kijamii, pesa ya simu na basi la abiria. Picha iko Instagram, malipo yako M-Pesa au Airtel Money, mzigo uko kwenye buti. Siku hizi kuna hata minada ya mitumba ya laivu, muuzaji anainua blauzi moja mbele ya kamera, watazamaji wanapandishiana bei kwenye komenti, na aliyeshinda anaambiwa afuate namba akalipie. Hakuna chombo kimoja kinachoona safari yote, kwa hiyo hakuna wa kuamua nani kakosea.

Shirika la Posta, lililoanza kazi peke yake mwaka 1994 baada ya kutenganishwa na huduma za simu, lina kaunta Iringa na Mbeya. Lina viwango vinavyofuata uzito, na lina huduma ya EMS yenye namba ya kufuatilia. Kwa karatasi lilipaswa kushinda. Basi linalishinda kwa mambo madogo: linaondoka kila siku, Jumapili ikiwemo, ofisi yake iko wazi mpaka usiku, na mtu akiwa na wasiwasi anampigia kondakta. Kutoka Dar es Salaam mpaka Iringa ni kama kilomita 500, na Mbeya ni zaidi ya 800. Mzigo uliopakiwa alfajiri hupokelewa Iringa alasiri na Mbeya jioni au usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, Oktoba 2023, hata wa jioni unafika kesho yake asubuhi. Anayetaka viatu vya sherehe ya Jumamosi huku leo ni Alhamisi hana muda wa kulinganisha viwango vya posta.

Ndani ya "ya basi" mna nini

Mteja akiambiwa "ya basi 8,000" hudhani basi limechukua zote. Mara nyingi si hivyo, na sehemu kubwa ya kutoelewana imejificha hapa.

Kwanza kuna safari ya ndani ya Dar es Salaam yenyewe. Zamani mabasi ya bara yaliondokea Ubungo. Tangu Februari 2021, Kituo cha Magufuli kilipozinduliwa Mbezi Luis, kituo kikuu kimekuwa zaidi ya kilomita 20 kutoka Kariakoo. Baadhi ya kampuni zina ofisi za kupokelea mizigo karibu na mjini, maeneo kama Shekilango, lakini bado mtu lazima apande boda au daladala na boksi mkononi, asubiri zamu, aandikiwe risiti, arudi. Muuzaji mwenye mizigo kumi ya siku hugawa gharama hiyo kwa kumi. Mwenye mmoja humbebesha mteja mmoja yote. Ndiyo maana kurasa mbili zinazotuma boksi la ukubwa uleule kwa basi lilelile zinatoza tofauti, na hakuna anayesema uongo.

Halafu kuna bei ya basi, ambayo kwa kawaida haipimwi kwa kilo. Karani anaangalia kwa macho: bahasha, mfuko, boksi, kiroba, salfeti. Kuna kupatana, kuna kufahamiana, kuna siku buti limejaa. Leo kiroba kinatajwa bei hii, kesho kinaongezwa. Muuzaji aliyemtajia mteja nauli kabla ya kufika ofisini alikuwa anakisia. Akikisia chini atakula hasara, hivyo hukisia juu, na chenji hairudi.

Kuna "weka na ya kutolea", ile ada ya kutoa pesa kwa wakala ambayo muuzaji humwomba mnunuzi aongeze juu ya bei. Haina uhusiano wowote na usafiri, lakini kwenye meseji ya mwisho hujumlishwa humohumo. Mwenye Lipa Namba anaweza kupokea malipo ya biashara bila kumwomba mteja ya kutolea. Wengi bado wanatumia laini zao za kawaida.

Mwisho kuna kipande cha huku kwetu Iringa na Mbeya, ambacho tangazo la Kariakoo halikijui kabisa. Mji wa Iringa uko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Basi linaloendelea Mbeya au Tunduma linaweza kuushusha mzigo huko chini, na mteja wa Kihesa akalipa boda ya kuufuata. Mbeya mzigo unaweza kushushwa Nane Nane saa nne usiku, na mteja hulazimika kuchagua kati ya kuufuata gizani au kuuacha ofisini mpaka kesho. Mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa au cha MUST aliyenunua begi la Sh 18,000 hujikuta ametumia karibu Sh 30,000, bila mtu mmoja kumwibia.

Lakini si kila nyongeza ina maelezo ya namna hiyo. Wengi wanaotuuzia mtandaoni ni mawinga: hawana duka, wana simu na miguu. Kipato chao ni kile kinachoitwa "cha juu", yaani tofauti kati ya bei ya duka na bei ya mteja. Tatizo la winga ni kwamba picha ileile ya gauni iko kwenye kurasa mia, na mteja anazilinganisha kwa dakika tano. Akiweka cha juu kwenye gauni, anaonekana ghali. Akikiweka kwenye nauli, ambayo haitajwi mpaka mteja ameshapenda, haonekani. Faida inahamia kule ambako hakuna anayelinganisha.

Jambo hili si la Kariakoo peke yake. Kwenye eBay wauzaji waligundua mapema kwamba mnada unaweza kuanza kwa senti chache na posta ikawa mara kumi ya hapo, kwani mtandao ulitoza kamisheni kwenye bei tu na wanunuzi walipanga orodha kwa bei. Mwaka 2007 mtandao uliongeza nyota mahususi za kupima kama gharama ya posta ilikuwa ya haki. Nyota hazikutosha. Mwaka 2011, Marekani, wakaanza kutoza kamisheni hata kwenye posta, ili kuficha faida humo kusiwe na maana. Tamaa za wauzaji hazikubadilika. Kilichobadilika ni faida ya kuficha.

Njia tatu za kutoza

Njia ya kwanza, iliyozoeleka zaidi, ni usafiri juu ya mteja. Nguvu yake ni ukweli: mteja wa Kibaha hambebi mteja wa Kyela. Udhaifu wake tumeshauona, kwamba kiasi kinatajwa kwa kukisia na mahali pasipolinganishwa.

Ya pili ni bei moja yenye kila kitu, "mpaka Mbeya 33,000". Mnunuzi anajua atakachotoa, na winga hana pa kufichia. Wauzaji wanaikwepa kwa sababu ya kweli kabisa: ukurasa wenye bei kamili unaonekana ghali pembeni ya ukurasa wenye bei nusu. Kuna hila nyingine hapa inayostahili kutazamwa vizuri. Kurasa nyingi huandika "Dar es Salaam unaletewa bure, mikoani ya basi juu yako." Hakuna boda wa bure. Hiyo safari ya Sinza au Mbagala imo ndani ya bei ya bidhaa, na bei ya bidhaa ni moja kwa wote. Mteja wa Iringa anachangia boda ya mteja wa Sinza, halafu analipa na basi lake mwenyewe.

Ya tatu ni kulipa ukipokea. Wanunuzi wa nyanda za juu wanaipenda kwani imewaepusha na matapeli wengi. Ila ina upande ambao wanunuzi hatupendi kuutaja. Kuna anayeagiza, mzigo ukafika, simu ikazimwa. Kuna anayesema "nitaufuata mwisho wa mwezi". Mzigo unakaa ofisini, unarudishwa, na muuzaji analipa nauli ya kwenda na ya kurudi kwa gauni ambalo halijauzwa. Hasara hiyo huingizwa kwenye bei ya mteja anayefuata. Njia ya kati ambayo wengine wameifikia bila kuandikiwa na mtu, mteja atangulize nauli na bidhaa ailipie kituoni, inaonekana ndogo lakini inagawa hatari vizuri: kila upande una kitu cha kupoteza. Inahitaji tu mtu wa kuaminika kituoni, na hapo ndipo hukwama, maana karani wa basi si wakala wa malipo.

Tunapouza sisi

Mjadala huu huendeshwa kana kwamba Mbeya na Iringa ni wanunuzi tu. Mchele wa Kyela na wa Mbarali, parachichi, asali, na vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu vinashuka Kitonga kila siku kwenda kwa wateja wa Dar es Salaam waliovikuta kwenye simu. Humo malalamiko hugeuka. Mteja wa Tabata anauliza kwa nini mchele wa kilo 10 una nauli kubwa hivyo, na muuzaji wa Mwanjelwa anajibu maneno yaleyale ya Kariakoo: kuna boda ya kufika stendi, kuna kiroba, kuna karani aliyepandisha.

Mchele unaonyesha jambo ambalo gauni haliwezi. Gauni ni jepesi na ghali, nauli ni sehemu ndogo ya bei, hivyo hata ikichezewa biashara inaendelea. Mchele ni mzito na bei yake kwa kilo inajulikana sokoni. Nauli ya kiroba kimoja kidogo inaweza kuufanya usiuzike kabisa. Wauzaji wa mchele kwa hiyo wamejifunza kukusanya oda, kutuma gunia moja kwa mpokeaji mmoja Dar es Salaam, naye akagawa. Nauli kwa kilo inashuka, kisha inatajwa wazi kwenye tangazo kwani sasa inavutia. Uwazi ulikuja baada ya gharama kushuka. Kikapu kiko kati: chepesi lakini kina nafasi kubwa, na karani anayetoza kwa macho humwonea msukaji kuliko mtu yeyote.

Mzigo ukipotea njiani

Wengi huamini kwamba hatari yote ni ya muuzaji mpaka mteja aushike mzigo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haisemi hivyo moja kwa moja. Msingi wake, uliorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza ya 1893, ni kwamba muuzaji aliyeruhusiwa kutuma akishaukabidhi mzigo kwa msafirishaji, kwa kawaida huhesabiwa amemkabidhi mnunuzi, isipokuwa wamekubaliana vingine. Ila anatakiwa awe ameingia na msafirishaji makubaliano ya busara kulingana na aina ya bidhaa. Aliyeweka sahani za udongo ndani ya mfuko wa rambo hajaepuka lawama kwa kuonyesha risiti.

Basi nalo lina wajibu. Kubeba vifurushi na vipeto kwa ada ni shughuli inayohitaji leseni, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndiyo inayoitoa. Risiti hata hivyo huwa na masharti madogo nyuma, na thamani ya mzigo mara nyingi haiandikwi kabisa. Bila thamani iliyoandikwa, boksi lenye simu na boksi lenye ndala ni boksi tu.

Kwa hiyo kile kijikaratasi kina majibu matatu kwa mpigo: nauli halisi ilikuwa kiasi gani, mzigo ulitoka mikononi mwa muuzaji siku gani na saa ngapi, na ulielezwa kuwa ni nini. Wauzaji wengi huwatumia wateja picha yake kama ushahidi kwamba "mzigo umetoka". Wachache sana huituma ikiwa na sehemu ya bei inayoonekana.

Mrejesho wa kabla ya kufungua

Ukifungua ukurasa wa muuzaji yeyote mwenye jina utakuta sehemu ya mirejesho. Zaidi ni skrinishoti za WhatsApp: "Asante dada, mzigo nimepokea", mioyo mitatu, na picha ya mfuko bado umefungwa. Ukisoma vizuri, shahidi huyu anashuhudia kwamba basi limefika. Nguo hajaiona. Muuzaji ameomba mrejesho saa ileile mzigo umeshuka, mteja yuko stendi, ana furaha na ana uungwana, na kwetu kumjibu mtu aliyekuita mpenzi au bosi wangu kwa "ngoja kwanza nifungue" kunaonekana ukavu.

Na skrinishoti anazichagua muuzaji. Komenti mbaya anaifuta, mwenye komenti anazuiwa, ukurasa unabaki msafi. Hapa kuna misimamo miwili mikubwa. Wapo wanaosema mteja aliyekosewa amalizane kwanza na muuzaji inboksi, kwani duka la mtandaoni halina kitu kingine zaidi ya jina, na komenti moja ya hasira inaweza kuua biashara ya mtu aliyekosea rangi tu. Wapo wanaosema inboksi ndiko malalamiko yanakozikwa, na usipopiga kelele hadharani hurudishiwi hata senti.

Wa kwanza wana haki kuhusu makosa madogo. Rangi, saizi, kuchelewa siku moja, hayo hurekebishika, na kumpa muuzaji siku mbili za kujibu si kumbembeleza. Lakini hoja yao inadhani pande zote zina nguvu sawa. eBay ilianza na dhana hiyo: kuanzia 1996 mnunuzi na muuzaji walipeana alama. Ikaonekana wanunuzi wanaogopa kusema kweli wasije wakalipiziwa. Mei 2008 wauzaji wakanyimwa uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya. Kwetu kulipiziwa hakuji kwa nyota. Ni kuzuiwa, au jina lako na namba yako kubandikwa chini ya maandishi "mteja msumbufu". Anayefanya hivyo anacheza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba uliyompa mtu akuandikie kwenye kifurushi hukumpa akutangazie.

Wa pili nao wana mpaka wao. Neno "tapeli" ni tuhuma ya jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma, faini isiyopungua Sh milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Anayeandika "nimelipa tarehe 3, mpaka leo tarehe 12 sijapata risiti ya basi" ameeleza jambo analoweza kulithibitisha, na kusema kweli maneno hayo humuuma muuzaji kuliko matusi, kwa sababu wasomaji wanaweza kuyapima.

Kila mmoja na kipande chake

Tukirudi kwenye risiti, madai mengi yanajipanga yenyewe. Picha kutofanana na nguo, kufunga ovyo, kuchelewa kupeleka mzigo ofisini, nauli kuzidi iliyoandikwa: hayo ni ya muuzaji, na mrejesho uyataje. Basi kuharibika, boksi kulowa butini, karani kutopokea simu: hayo ni ya basi, na kumnyima muuzaji sifa kwa ajili yake ni kumwonea. Mteja aliyechelewa kuufuata mzigo siku tatu hana wa kumlaumu.

Kati ya njia za kutoza, bei kamili mpaka stendi ya mteja ndiyo ya haki zaidi pale muuzaji anapotuma mara kwa mara njia hiyohiyo, maana wastani wake anaujua. Kwa anayetuma Mbeya mara moja kwa mwezi, haki zaidi ni nauli ya risiti na posho ya boda iliyotajwa waziwazi. Muuzaji anastahili kulipwa kwa kwenda Mbezi Luis. Kasoro ni kuiita kazi hiyo "ya basi".

Kinachobaki kigumu ni winga asiye na mlango wa duka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na aweke bei kamili wazi, lakini kwa gauni la Sh 25,000 hakuna atakayepanda basi kwenda kumshtaki mtu anayemjua kwa jina la ukurasa tu. Ukurasa unaweza kubadilishwa jina usiku mmoja, wafuasi wakabaki na mirejesho mibaya ikapotea. Mnunuzi ana kipimo kimoja kidogo: kwenye Instagram, sehemu ya maelezo ya akaunti mara nyingi huonyesha ilifunguliwa lini na imewahi kubadili jina mara ngapi. Ukurasa wa mavazi uliokuwa na majina manne ndani ya mwaka mmoja unasema zaidi kuliko skrinishoti zote zilizobandikwa juu yake.